Kupima fenilalanini kwa kimeng'enya: seti zipi zinafaa maabara za Unguja na Pemba

Mtoto wa miezi minane hajashika shingo sawasawa, degedege linamrudia hata pasipo homa, nywele zimepauka kuliko za nduguze, na mkojo wake una harufu ya panya. Dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja, daktari anahitaji nambari moja kabla ya jengine lolote: kiasi cha fenilalanini, asidi amino itokayo kwenye protini ya chakula, kilichomo katika damu. Nambari hiyo ikiwa juu, yumkini ni fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao ini linashindwa kuigeuza fenilalanini kuwa tairosini. Asidi amino hii ikizidi katika damu huhodhi mlango ambao asidi amino nyengine kubwa hupitia kuingia ubongoni, na ubongo unaokua hukosa malighafi yake. Asbjørn Følling aliutambua ugonjwa huu Norway mwaka 1934. Mwaka 1953 Horst Bickel na wenziwe walionesha kwamba chakula kilichopunguzwa fenilalanini humletea mtoto nafuu. Ukiwahiwa wiki za mwanzo, mtoto hukua, husoma skuli na huishi kama wenzake. Ukichelewa, kilichoharibika hakirudi.

Kwetu Visiwani, kumpima kila mtoto anayezaliwa kwa ugonjwa huu bado si desturi. Spektrometa ya masi, mashine inayosoma makumi ya asidi amino kutoka doa moja la damu kwa dakika mbili hivi, ni ghali kuinunua na ghali zaidi kuitunza. Kwa hiyo seti za vitendanishi vya kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali), zinazoweza kutumia fotometa (kifaa cha kupima mwanga uliofyonzwa) au mashine ya ELISA (ya kusoma sahani za vishimo) iliyokwisha kuwepo maabara, zinastahili kuangaliwa kwa makini. Hapa tunazipima aina tatu za seti za fenilalanini, na mbili za jirani yake: ya asidi amino zenye matawi (lusini, isolusini na valini) na ya homosisteini, asidi amino nyengine ya damu. Majina ya kampuni hatuyataji. Kinachoamua ubora ni kimeng'enya kilichomo chupani na namna jibu linavyosomwa, na hayo mawili unaweza kuyauliza kwa muuzaji yeyote.

Rai yetu tuitoe mapema. Seti ya fenilalanini inafaa kununuliwa, kwa masharti tutakayoyaeleza. Ya asidi amino zenye matawi tusingeinunua kwa kazi ya kuwachunguza watoto wachanga. Ya homosisteini ni nzuri sana kwa maabara yenye mashine ya kemia ya damu inayojiendesha, na ni hasara kwa isiyo nayo.

Kimeng'enya kinafanya nini

Seti zote tatu za fenilalanini zina kimeng'enya kiitwacho fenilalanini dihidrojenasi. Kinaichukua fenilalanini pamoja na NAD, kemikali saidizi inayobeba elektroni, kinatoa fenilpiruveti, amonia na NADH, yaani NAD iliyopokea elektroni. Kila molekuli moja ya fenilalanini inazaa molekuli moja ya NADH, na NADH hufyonza mwanga wa nanomita 340. Ukiujua mwanga uliofyonzwa, umeijua fenilalanini.

Mmenyuko huu una tabia ya kurudi nyuma. Katika hali ya kawaida ya mwili, kimeng'enya hupendelea kuijenga asidi amino kuliko kuivunja. Ndiyo maana bafa ya seti hizi, kimiminika kinachoshikilia pH, huwa na pH ya karibu 10: kwa pH hiyo mmenyuko unasukumwa kuelekea NADH. Bafa ikichoka, au sampuli ikiwa na asidi nyingi, mmenyuko unaishia njiani na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Kosa hili ni la hatari kwa sababu halina dalili. Mashine inasoma, karatasi inatoka, na mtoto mgonjwa anaandikiwa kuwa mzima.

Kipimo cha kimeng'enya kina faida moja juu ya kile cha zamani cha Robert Guthrie cha miaka ya 1960, ambacho hutegemea bakteria kuota juu ya agari. Damu yenye antibaiotiki huwazuia bakteria wale kuota, na kipimo hakisomeki. Watoto wachanga wanaolazwa na degedege mara nyingi huanzishiwa ampisilini na jentamaisini kabla hata ya damu kufika maabara. Kimeng'enya hakina habari na antibaiotiki. Kwa wodi zetu faida hii peke yake ina uzito mkubwa.

Aina tatu, na hesabu inayozitenganisha

Aina ya kwanza husoma NADH moja kwa moja kwa nanomita 340. Ni rahisi kuliko zote: hakuna rangi, hakuna kimeng'enya cha pili. Chukua plazma (maji ya damu yasiyo na seli) maikrolita 50, jumla ya mchanganyiko iwe mililita 1, kwenye kiveti (kichupa cha kusomea mwanga) cha sentimita 1. Plazma imezimuliwa mara 20. Fenilalanini ya maikromoli 1,200 kwa lita inakuwa 60, na kwa kigezo cha ufyonzaji cha NADH cha 6,220 unapata ufyonzaji wa 0.37. Unaonekana bila shida. Maikromoli 360 inatoa 0.11, na 120 inatoa 0.037. Hapo bado panasomeka ikiwa taa ya fotometa ni nzima na kiveti ni safi. Mtoto wa kawaida mwenye maikromoli 60 anatoa 0.019, na hapo unakaribia mtetemo wa mashine yenyewe.

Sasa jaribu hesabu hiyo kwa doa la damu kavu. Kiduara cha milimita 3.2 hubeba damu maikrolita 3 hivi. Kikilowekwa katika maikrolita 100, kisha maikrolita 50 zake zikaingia katika mchanganyiko wa 200, damu imezimuliwa zaidi ya mara 130. Fenilalanini ya 120 inakuwa chini ya maikromoli 1. Kwenye sahani ya vishimo 96, ambamo mwanga hupita kina cha nusu sentimita na kidogo, ufyonzaji ni 0.003. Hakuna mashine ya ELISA inayoisoma nambari hiyo kwa uaminifu. Muuzaji akikwambia seti ya nanomita 340 inafaa pia kwa kadi za damu kavu, mwombe akuoneshe hesabu yake.

Aina ya pili inaongeza chumvi ya tetrazolium, ambayo NADH huigeuza kuwa rangi ya formazani. Rangi ni kali kuliko NADH yenyewe, jicho linaiona, na mashine ya kawaida ya ELISA inatosha. Faida nyengine ni kwamba NADH inapotumika kutengeneza rangi, mmenyuko unavutwa mbele badala ya kurudi nyuma. Kasoro yake ni kubwa vilevile: tetrazolium haichagui. Vitamini C, viambata vya dawa, chochote chenye tabia ya kutoa elektroni kinaweza kuipa rangi. Zaidi ya hayo, baadhi ya rangi za formazani husomwa katika eneo lile lile ambalo himoglobini hufyonza mwanga, kwa hiyo damu iliyopasuka seli huongeza jibu.

Aina ya tatu hutumia diaforasi, kimeng'enya cha pili, na resazurini. Resazurini ya bluu inageuka resorufini ya waridi inayong'aa ikimulikwa, na mng'ao wake husomwa karibu na nanomita 590. Ndiyo yenye makali ya kutosha kwa doa la damu kavu, na ndiyo tunayoipendekeza kwa kadi. Inahitaji mashine ya kusoma mng'ao, si ya kusoma rangi tu, na hapa ndipo maabara nyingi hukwama: seti imeshalipiwa, mashine haiwezi. Angalia mashine kwanza, kisha uagize.

Kwa hiyo maabara yenye fotometa ya kawaida yenye nanomita 340 ichukue aina ya kwanza na ifanye plazma tu, khasa kufuatilia watoto ambao ugonjwa wao umeshajulikana. Maabara itakayopokea kadi kutoka vituo vya mbali, Micheweni au Makunduchi, ichukue ya tatu. Ya pili iwe chaguo la mwisho, na isitumike bila blanki (kishimo kisicho na kimeng'enya) kwa kila sampuli.

Uliza kimeng'enya kimetoka kwa bakteria gani

Swali hili halimo katika fomu za zabuni, nalo ndilo la kwanza. Fenilalanini dihidrojenasi hutolewa kwa bakteria mbalimbali, na hazifanani. Ile ya Bacillus sphaericus huishika tairosini pia, kwa kiasi kikubwa. Ile ya Sporosarcina ureae na ile ya Thermoactinomyces intermedius huchagua vizuri zaidi. Yasuhisa Asano wa Japani na wenziwe ndio waliozichambua tofauti hizi miaka ya 1980.

Kwa nini ijalishe? Mtoto njiti, au mwenye ini lisilokomaa, anaweza kuwa na tairosini iliyopanda bila kuwa na fenilketonuria. Kimeng'enya kisichochagua kinazijumlisha zote mbili, na mzazi anaambiwa mtoto wake ana ugonjwa wa ubongo wa maisha. Karatasi ya maelezo ikikaa kimya kuhusu asili ya kimeng'enya, fanya jaribio dogo: andaa tairosini tupu ya maikromoli 500 kwa lita, ipime kama sampuli, uone seti inasoma fenilalanini ngapi. Seti nzuri itasoma kidogo sana. Ikisoma mamia, irudishe.

Barafu, bahari na umeme

Kimeng'enya kilichokaushwa huvumilia safari kuliko cha maji. Seti yenye chupa za unga mkavu ikisafirishwa ndani ya sanduku la chanjo lenye vibarafu, boti kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, haiidhuru, na hata kuendelea hadi Pemba inawezekana ikiwa vibarafu vinabadilishwa Unguja. Tatizo huanza forodhani, mzigo unaposubiri karatasi. Tayarisha vibali vya uingizaji kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji, na weka ndani ya sanduku kirekodi joto. Bila rekodi ya joto huna hoja ya kudai seti nyengine.

Kimeng'enya cha maji huja ndani ya gliserini ya asilimia 50 na hubaki maji hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kikikuta friza la nyumbani linaloyeyusha barafu lenyewe, joto hupanda na kushuka kila siku, na nguvu ya kimeng'enya hupungua bila kuonekana. Tafuta friza la maabara, au chagua seti ya unga mkavu. Kisiwa cha Unguja kilikosa umeme takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu. Kukatika kwa saa chache ni jambo la kila mtu. Jenereta linalowasha taa za wodi lakini halifiki tundu la friza la maabara haliokoi kitu. Hakikisha friza limo katika mstari wa dharura.

Unyevu ndio adui mwengine, na masika yetu hayana huruma. Chupa ya NAD ikitolewa kwenye baridi na kufunguliwa papo hapo, hewa yenye maji huingia na kuganda juu ya unga. Iache dakika 30 ifikie joto la chumba huku imefungwa, ndipo uifungue.

Kadi ya damu

Vituo vinavyochukua damu kavu ya watoto kwa kipimo cha VVU tayari vina ujuzi wa kadi, na hilo ni jambo la kushukuru. Kwa fenilalanini utaratibu ni ule ule, lakini makosa madogo yanagharimu zaidi, kwa sababu hapa tunatafuta kiasi, wala si ndiyo au hapana.

Damu ichukuliwe pembeni mwa kisigino, baada ya saa 24 tangu kuzaliwa na mtoto akiwa ameshanyonya. Kabla ya hapo ini la mama lilikuwa likimsafishia damu, na nambari inaweza kuwa ya kawaida kwa mtoto mgonjwa. Aliyekaa kwenye dripu bila maziwa apimwe tena akishaanza kunyonya. Anayepewa asidi amino kwa mshipa aandikwe hivyo kwenye kadi, maana nambari yake hupanda bila ugonjwa.

Tone la kwanza lifutwe. La pili, kubwa, liguse karatasi upande mmoja na lipenye mpaka nyuma. Tone juu ya tone huleta doa lenye tabaka na kiduara chenye damu mara mbili. Duara la karatasi lisiguswe kwa vidole: jasho lina asidi amino zake. Kadi ilazwe bapa hewani saa 3 hadi 4, mbali na jua na mbali na moto. Wakati wa masika ongeza muda. Doa lililokauka sawasawa lina rangi ya kahawia iliyokolea, halina wekundu wa kung'aa. Kisha kila kadi iingie mfuko wake pamoja na vifuko vya silika na kadi ndogo ya kuonesha unyevu. Alama ya unyevu ikibadilika rangi, badilisha silika siku hiyo hiyo.

Jambo moja linasahauliwa sana kwetu, ambako selimundu ni ugonjwa uliozoeleka. Damu ya mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu ni nyepesi, husambaa zaidi juu ya karatasi, na kiduara cha milimita 3.2 hubeba damu kidogo zaidi. Viwango vya kulinganishia vya seti hutengenezwa kwa damu yenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ya karibu asilimia 50. Kwa mtoto mwenye asilimia 22, nambari ya kadi isiaminiwe karibu na mpaka. Pima plazma.

Hatua, na mahali zinapoharibika

Utaratibu hutofautiana kidogo kwa kila seti, na karatasi iliyomo kashani ndiyo inayotawala. Kwa aina ya resazurini kwa kawaida huenda hivi. Toboa kiduara kimoja kwa kila kishimo. Mimina maikrolita 100 za asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 3, tikisa polepole dakika 30 hadi 60. Asidi hugandisha protini na himoglobini ndani ya karatasi, fenilalanini hutoka ikaingia kwenye maji. Hamisha maikrolita 50 za maji hayo kwenye sahani nyeusi, ongeza maikrolita 150 za mchanganyiko wa bafa, NAD, diaforasi, resazurini na kimeng'enya, funika kwa karatasi ya alumini, acha nusu saa kwa nyuzi 37, soma.

Asidi ile ndiyo chanzo cha majibu mengi ya uongo. Maikrolita 50 za asilimia 3 zina takriban maikromoli 9 za asidi, na bafa lazima izimeze zote na bado ibaki juu ya pH 9.5. Kabla ya kupima sampuli za watoto, changanya asidi na bafa kwa uwiano huo na uguse karatasi ya pH. Ikisoma 8, bafa imepoteza nguvu au mtu ameongeza asidi, usiendelee.

NAD huharibika katika hali ya besi, kwa hiyo usiichanganye na bafa asubuhi ukaitumia jioni. Changanya inayotosha sahani moja, itumie ndani ya saa moja. Resazurini huharibiwa na mwanga. Chupa yake ifungwe kwa alumini na taa ya dirishani izimwe au pazia lishushwe. Kimeng'enya kilichokwisha kuyeyushwa kigawe katika vichupa vidogo vya kutosha kazi ya siku moja, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara hukimaliza.

Vishimo vya pembeni hukauka haraka kuliko vya kati, khasa sahani ikiwa chini ya kiyoyozi kinachopuliza. Dalili yake ni sampuli za udhibiti (zenye kiasi kinachojulikana) za pembeni kusoma juu kila mara. Funika sahani, iondoe kwenye upepo, na usiweke viwango vyote katika safu ya mwisho.

Kila sampuli iwe na vishimo viwili vyenye kimeng'enya na kimoja kisicho nacho. Hicho cha tatu hubeba vitamini C, bilirubini ya mtoto mwenye manjano na mabaki ya himoglobini, na thamani yake hutolewa kwenye jibu. Baadhi ya wauzaji hutangaza kwamba blanki ya sampuli si lazima. Kwa watoto wachanga wenye manjano ni lazima.

Viwango vya kulinganishia viwe madoa ya damu kavu, visiwe fenilalanini iliyoyeyushwa majini. Ya majini hutoka yote. Ya doani hutoka kwa sehemu. Ukiyapima madoa ya watoto kwa mstari wa maji, kila mtoto atasoma chini. Seti isiyo na madoa ya viwango angalau matano na ya udhibiti mawili, moja la kawaida na moja la juu, haijakamilika, hata iwe rahisi vipi. Kwa udhibiti wa nje, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ina mradi wa ubora wa vipimo vya watoto wachanga unaozipelekea maabara za nchi nyingi madoa ya kujipima bila malipo. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, imeonesha kwamba kazi ya maabara ya kiwango cha utafiti inawezekana Pemba. Nidhamu ya udhibiti si jambo geni kwetu.

Hesabu ya gharama nayo ina mtego. Viwango 6 kwa vishimo viwili viwili ni 12, udhibiti ni 4, jumla 16. Vinabaki 80, na kwa vishimo vitatu kwa kila mtoto unapata watoto 26. Lakini kama wiki ina watoto 4, unatumia vishimo 16 vya viwango kwa 12 vya watoto, na zaidi ya nusu ya kitendanishi inakwenda kwenye mstari wa kulinganishia. Agiza sahani inayovunjika vipande vya vishimo 8, si sahani nzima, na agiza kimeng'enya katika chupa ndogo kadhaa badala ya moja kubwa. Seti yenye chupa moja kubwa inaonekana rahisi dukani, kisha nusu yake inamwagwa.

Nambari ikishatoka

Chini ya maikromoli 120 kwa lita ni kawaida. Ikizidi hapo, rudia kwa damu mpya. Kuanzia 360 mtoto anahitaji matibabu, na juu ya 1,200 ndiyo fenilketonuria kamili. Vitabu vya zamani huandika miligramu kwa desilita: zidisha kwa 60.5. Miligramu 20 ni sawa na maikromoli 1,210. Fomu ya majibu ichapwe na kipimo kimoja tu. Daktari akisoma 6 pasipo kipimo, hajui kama ni mtoto mzima au mgonjwa.

Seti haikupi tairosini, na uwiano wa fenilalanini kwa tairosini ndio unaotofautisha ugonjwa na ini changa. Ukivuka 2 unaelekeza kwenye fenilketonuria. Pia kuna watoto ambao kimeng'enya cha ini ni kizima ila wanakosa msaidizi wake, tetrahidrobiopterini. Hao chakula peke yake hakiwaponyi, wanahitaji dawa nyengine, na seti hii haiwatambui. Kwa hiyo kila kadi iliyosoma juu ibakizwe madoa mawili yasiyotobolewa, ipelekwe maabara yenye spektrometa ya masi na kipimo cha pterini. Kadi kavu husafiri kwa bahasha. Hapo kimeng'enya na mashine kubwa vinasaidiana vizuri.

Katika kufuatilia matibabu ndipo seti hii inapong'ara. Mtoto anayetibiwa lengo lake ni 120 hadi 360, na mwaka wa kwanza hupimwa takriban kila wiki. Kupeleka kadi nje ya nchi kila wiki hakuwezekani kwa familia nyingi, na jibu la wiki tatu zilizopita halimsaidii mama kupanga mlo wa leo. Protini gramu 1 ina takriban miligramu 50 za fenilalanini. Samaki, maharage, choroko, mayai na maziwa ya ng'ombe hupandisha nambari haraka. Muhogo, ndizi na viazi vitamu vina protini kidogo. Maziwa ya mama yana fenilalanini kidogo kuliko ya ng'ombe na huendelea kwa kipimo, pamoja na unga maalumu usio na fenilalanini. Unga huo hauuzwi madukani kwetu. Maabara inayoanza kupima lazima ianze na kuuagiza kwa wakati mmoja, kupitia wodi ya watoto.

Seti mbili za jirani

Ya asidi amino zenye matawi hutumia lusini dihidrojenasi kutafuta ugonjwa ambao mkojo hunuka sukari iliyoungua. Kimeng'enya hiki huzishika lusini, isolusini na valini zote, na jibu ni jumla. Mtoto aliyekosa kunyonya siku nzima naye jumla yake hupanda. Kubwa zaidi, ugonjwa huu hulipuka ndani ya wiki ya kwanza, na seti inayosubiri sahani ijae haiwezi kushindana nao. Kwa wodi, chupa ya dinitrofenilhidrazini na mkojo mililita chache hutoa mashapo ya njano kwa dakika chache, kwa gharama ndogo. Hiyo si uthibitisho, lakini inatosha kusimamisha protini na kupiga simu. Seti ya kimeng'enya itumike kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa, si zaidi.

Ya homosisteini ni ya kiwango cha juu. Vimeng'enya viwili huizungusha homosisteini mara nyingi, na kila mzunguko hupunguza NADH kwa nanomita 340, ndiyo maana kiasi kidogo hukuzwa hadi kikasomeka. Kawaida ni chini ya maikromoli 15. Mtoto mwenye homosistinuria isiyotibiwa, ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kuivunja homosisteini, mara nyingi huvuka 100. Mtoto mrefu kuliko rika lake, lenzi ya jicho imehama, anachelewa skuli, au kijana aliyepooza ghafla bila sababu: hawa wapimwe. Mzunguko unahitaji muda sahihi kwa sekunde, kwa hiyo kwa pipeti ya mkono majibu huyumba. Damu iwekwe kwenye barafu na seli zitengwe ndani ya saa moja, la sivyo seli nyekundu huendelea kuitoa homosisteini na nambari hupanda kwa karibu asilimia 10 kila saa. Damu iliyochukuliwa Mkoani ikapimwa Chake Chake mchana bila kutengwa haina thamani. Nambari ya 20 hadi 40 ifikirie kwanza upungufu wa vitamini B12 au foleti.

Unapoagiza

Andika kwenye oda: asili ya kimeng'enya, viwango vya damu kavu, sahani ya vipande, tarehe ya kuisha isiyopungua miezi 9 kutoka siku ya kupokelewa, na toleo moja la kiwandani kwa oda nzima. Seti ya toleo jipya ikifika, pima nayo madoa yale yale ya udhibiti sambamba na toleo la zamani kabla halijaisha. Tofauti ikizidi asilimia 10, usilifungulie sampuli za watoto mpaka muuzaji ajibu kwa maandishi.